Mwanangu, umekula nini asubuhi?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku ni wazima. Goti la mama yako limetulia, na mdogo wako yumo kwenye mitihani, kwa hiyo redio haifunguliwi mpaka jioni.

Ujumbe wako wa juzi nimeupata. Hongera sana kwa kazi. Nilijua watakuchukua, maana ukishaamua jambo hakuna wa kukuzuia, na nimewatangazia majirani mpaka mama yako akaniambia inatosha. Lakini ile sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyoninyima usingizi. Umeandika kwamba vipimo vya kazini vyote ni safi, "ila sukari tu, 6.2, si kitu baba, nimeshaacha kula asubuhi, nakunywa juisi, na nimenunua kopo la unga wa nyuzinyuzi." Mama yako sijamsomea hapo. Nimemwambia umesalimia.

Umekula nini leo asubuhi? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Sasa hiyo 6.2. Ulipimwa hujatia kitu mdomoni tangu usiku, sivyo? Kwa kipimo cha namna hiyo, sukari ya kawaida huwa chini ya 5.6, kwa milimoli kwa lita ya damu. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa siku nyingine kikatoa majibu yaleyale, daktari anaandika kisukari. Wewe uko katikati. Wako madaktari wanaoanza kuhesabu tahadhari kwenye 6.1 badala ya 5.6, lakini hata kwao wewe umeshavuka. Kwa hiyo neno "si kitu" silikubali. Huna kisukari, hilo nalisema wazi usije ukajifungia chumbani ukalia, lakini mwili umekuonya mapema. Mimi nilipokwenda kupimwa kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshapita hapo katikati siku nyingi, bila kujua. Na hii damu umeipata kwangu, mwanangu. Kwa akina mama yako hakuna hata mmoja mwenye sukari.

Nataka uende ukapimwe tena, na safari hii uombe kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita. Hicho hakitegemei ulikula nini jana. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 kwa asilimia ni tahadhari, 6.5 na kuendelea ni kisukari. Usiniambie huna muda. Muda wa kwenda kununua kopo uliupata.

Turudi kwenye juisi, maana hapo ndipo tunapokosana. Najua utasema ni matunda matupu, hakuna sukari uliyoongeza. Ni kweli, na bado si sawa. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 wenye afya matufaha kwa namna 3: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake iliyochujwa. Kiasi cha wanga na sukari kilikuwa kilekile kwa zote. Juisi ilinyweka kwa kasi mara 11 kuliko kula matufaha mazima. Watafiti wakaona labda tofauti ni ya kasi tu, wakawalinganishia muda wa kula na kunywa, na bado juisi ikashibisha kidogo kuliko yaliyopondwa, na yaliyopondwa yakashibisha kidogo kuliko mazima. Kilichonigusa zaidi ni kilichotokea kwenye damu. Sukari ilipanda karibu sawa kwa zote, lakini baada ya juisi insulini, ile homoni inayoshusha sukari, iliruka juu zaidi, kisha sukari ikaporomoka kwa nguvu. Baada ya matufaha mazima haikuporomoka hivyo.

Sasa soma tena ujumbe wako wa mwezi uliopita. Uliniambia ikifika saa nne asubuhi mikono inakutetemeka, unakuwa na hasira na watu, unakimbilia biskuti. Nikadhani ni uchovu wa kutafuta kazi. Leo naona kama ni ile juisi. Sikuwepo hapo na mashine ya kupimia, siwezi kuapa, ila mtu aliyekunywa sukari tupu saa moja akashikwa na njaa ya ghafla saa nne, mimi ningemuuliza kwanza alikunywa nini.

Unapochuja tunda, unachotupa ndicho kilichokuwa kinalishikilia. Nyuzinyuzi ni sehemu ya mmea ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya. Kwa hiyo haigeuki sukari, inapita. Lakini inapopita haikai bure. Zipo zinazoyeyuka kwenye maji na kuwa ute mzito, nazo ziko kwa wingi kwenye oti, shayiri, maharage, dengu, na kwenye nyama ya matunda kama tufaha na chungwa. Zipo zisizoyeyuka, zile ngumu za pumba za ngano, maganda na mashina ya mboga, ambazo kazi yake kubwa ni kuongeza ujazo na kusukuma choo. Vyakula vingi vina zote mbili, wala huna haja ya kuzitenga.

Kwa habari ya sukari, zinazoyeyuka ndizo za kuangalia zaidi. Ukitaka kuamini, fanya nilichofanya mimi mezani hapa. Chukua vijiko 2 vya oti, vitie kwenye glasi ya maji ya moto, koroga, uache. Baada ya dakika chache maji yenyewe yanakuwa mazito, yanavutika ukiinua kijiko, na ukiinamisha glasi yanashuka polepole yakiacha utando ukutani. Hali hiyo ndiyo inayotokea tumboni. Chakula kinakawia kutoka kwenye mfuko wa tumbo kwenda utumbo mwembamba, na kikifika huko sukari iliyomo inalazimika kupenya kwenye ute huo kama mtu anayevuka matope ndipo ifike kwenye ukuta wa utumbo iingie kwenye damu. Inaingia, lakini kidogokidogo. Kongosho linapata nafasi ya kutoa insulini kwa kiasi, bila kushtuliwa.

Ndiyo maana daktari wa kliniki alinikataza kupikiwa oti zile laini za kukoroga papo hapo, akaniambia nichukue zile nene za kuchemshwa. Nafaka ikisagwa sana, sukari yake inatoka upesi hata kama nyuzinyuzi bado zimo. Mama yako alilalamika kwamba zinachukua muda jikoni. Siku hizi anaziloweka usiku.

Kuhusu njaa nako kuna mambo ambayo sikuyajua mpaka nilipoanza kuumwa. Nilidhani kushiba ni tumbo kujaa, basi. Kumbe tumbo kujaa ni mwanzo tu. Nyuzinyuzi zikishafika utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanazila na kuzichachusha, na kutokana na uchachu huo zinatoka asidi za mafuta mafupi, zinazoitwa asetati, propionati na butirati. Asidi hizi zinaamsha seli fulani za utumbo zitoe homoni, mojawapo inaitwa GLP-1 na nyingine PYY. Homoni hizo zinauambia ubongo kwamba chakula kimetosha, zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, na GLP-1 inalisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Zile sindano mpya za kupunguza uzito ambazo rafiki yako alikuwa anazisifia zinaiga homoni hiyohiyo. Sisemi sahani ya maharage ina nguvu ya sindano, haina, wala si karibu. Nasema mlango ni mmoja, na wewe unaupita kila asubuhi bila kuugusa.

Wala sitaki nikudanganye upande wa pili. Si kila aina ya nyuzinyuzi inayotuliza njaa. Zenye ute mzito zina matokeo mazuri zaidi, nyingine watafiti wamezipima wakakuta hazibadilishi kitu kwenye hamu ya kula. Na kwa uzito, kupungua kunakoletwa na nyuzinyuzi peke yake ni kudogo. Kwa hiyo akija mtu kazini akakuambia utakonda kwa kijiko kimoja cha unga, usimsikilize.

Mimi mwenyewe nimejipima. Unajua daftari la bluu linalokaa juu ya friji, mama yako ndiye mwandishi, mimi kazi yangu ni kutoboa kidole na kulalamika. Asubuhi moja nilikula vipande vya mkate mweupe na jamu, baada ya muda wa saa 2 mashine ikasoma 12.1. Kesho yake nikala vipande vilevile vya mkate mweupe, bila jamu, nikatanguliza bakuli la maharage na kachumbari. Ikasoma 9.3. Hiyo ni mashine ya nyumbani na ni kidole cha mzee mmoja, na jamu nayo nilikuwa nimeiondoa, kwa hiyo usiichukue kama utafiti. Lakini mama yako alipoandika ile 9.3 alipigia mstari chini yake kwa kalamu nyekundu, na tangu siku hiyo maharage hayakosekani. Wapo waliopima vizuri kuliko sisi, wakakuta kwamba mwenye kisukari akianza na mboga na protini, akamalizia na wanga, sukari ya baada ya chakula inapanda kidogo kuliko akianza na wanga, chakula kikiwa kilekile. Hili halikugharimu chochote, mwanangu. Ni kupanga tu kipi kitangulie.

Kuna na jambo jingine linalonifurahisha. Ukila dengu au maharage asubuhi, faida yake haiishii asubuhi. Sukari ya mchana nayo inapanda kidogo kuliko ungekula mkate mweupe asubuhi, hata kama chakula cha mchana ni kilekile. Wataalamu wanakiita athari ya mlo wa pili. Ndiyo maana nakuuliza kila siku swali moja, umekula nini asubuhi. Sikuulizi kwa kukuchunga. Asubuhi inabeba na mchana wake.

Ukitaka kujua kama kuna maana ya kuhangaika katika hali yako ya katikati, angalia walichofanya Ufini. Walichukua watu 522 wenye uzito mkubwa ambao sukari yao ilikuwa imeanza kuharibika lakini bado si kisukari. Wengine waliachwa na ushauri wa kawaida, wengine wakafuatiliwa kwa karibu: wapunguze uzito kidogo, wapunguze mafuta, wafanye mazoezi, na wale nyuzinyuzi angalau gramu 15 kwa kila kalori 1,000 wanazokula. Matokeo yalitoka mwaka 2001. Waliofuatiliwa, hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Hawakupewa dawa. Na si nyuzinyuzi peke yake, ni vyote pamoja, kwa hiyo zile ngazi za ofisini uzipande kwa miguu.

Na kwa waliokwisha kupata kisukari kama baba yako, kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000. Wagonjwa 13 walikula wiki 6 chakula chenye gramu 24 za nyuzinyuzi kwa siku, na wiki 6 nyingine chenye gramu 50, zote kutoka kwenye vyakula vya kawaida, bila kopo. Kwenye gramu 50, sukari ya damu ya siku nzima ilishuka kwa kiasi cha asilimia 10. Gramu 50 ni nyingi, mimi sizifikii. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau 25 kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Hizo 25 zinapatikana, usiogope. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina kama 15. Nusu kikombe cha maharage, 7 hivi. Tufaha lenye ganda lake ni 4 na ushee, ukilimenya unapunguza. Kipande cha mkate wa ngano nzima ni kama 2, kile cheupe hakifiki 1. Kikombe kizima cha wali mweupe hakifiki 1 pia. Juisi yako uliyoichuja, karibu na sifuri. Hapa nyumbani matunda yalikuwa yanamenywa na kuchujwa kwa sababu kuna mtu hakupenda vitu vya kukwaruza kooni, na mkazoea hivyo wote wawili tangu wadogo. Mdogo wako bado anamenya mpaka tango. Zungumza naye, wewe anakusikia.

Sasa kopo. Ule unga ni wa maganda ya mbegu ya siliamu, si ndiyo? Sisemi ni uongo. Unafanya ute mzito kweli, na kwa watu wenye kisukari umepimwa na kuonekana unashusha sukari. Lakini nakuomba, naomba kabisa, usiumeze mkavu wala kwa funda dogo la maji. Unavimba upesi, unaweza kukukaba kooni au kuziba utumbo. Glasi nzima ya maji, kisha nyingine. Na jambo hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: vidonge vyako vya tezi ya shingo usivimeze pamoja na huo unga. Nyuzinyuzi zinaweza kuvizuia visifyonzwe vizuri. Vipe nafasi ya muda wa saa 4. Ulimwambia daktari wako kwamba unatumia unga? Najua hukumwambia. Mwambie.

Kisha kopo haliwezi kuwa chakula. Ndani ya maharage kuna protini, kuna madini, kuna kutafuna. Unga hautafunwi, na mtu asiyetafuna anakula upesi na hajui alipofikia. Kama lazima uutumie, uwe juu ya chakula, usiwe badala yake.

Na usianze yote kwa siku moja. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtu aliyezoea mkate mweupe akirukia bakuli 3 za maharage, tumbo linajaa gesi, linauma, anasema mwili wake haukubali. Unakubali, ila bakteria wa utumbo wanahitaji wiki kadhaa kuzoea. Ongeza kidogo kila wiki, na kila unapoongeza nyuzinyuzi ongeza maji, la sivyo badala ya choo kulainika kitakuwa kigumu zaidi. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Nimejifunza kwa mama yako na tumbo langu ni shahidi. Wali au viazi vikilala kwenye friji, sehemu ya wanga wake inageuka kuwa ngumu kumeng'enywa, inafanya kazi kama nyuzinyuzi, kwa hiyo kiporo si cha kudharau. Usikiache mezani usiku kucha tu, kiweke kwenye baridi mara kinapopoa, na ukipashe moto vizuri.

Wanaotumia insulini au vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, hao wakibadilisha chakula ghafla sukari inaweza kushuka mno, lazima daktari ajue kwanza. Wewe hauko huko. Mimi natumia metformini tu, dawa isiyo ya namna hiyo, kwa hiyo nawe usianze kunipigia simu usiku kuuliza kama nimeshuka.

Sina mengi zaidi juu ya hilo. Kazi mpya ina mikutano ya asubuhi, nimeona kwenye ratiba uliyonitumia, na najua utasema hakuna muda wa kupika. Oti zilizolowekwa usiku hazipikwi. Tufaha halipikwi. Yai linachemka ukiwa unavaa. Nimeyafikiria yote haya nikiwa nimelala nikiangalia dari, kwa hiyo usiniletee sababu ambayo nimeshaijibu.

Mengine ya nyumbani: bomba la jikoni linavuja tena, fundi yuleyule anasema atakuja Jumamosi. Bibi yako amekalia miwani yake, mkono mmoja wa miwani umevunjika, nimeufunga kwa uzi mpaka atakapokwenda kutengenezewa, naye anasema anaona vizuri kuliko mwanzo. Koti lako la sufu mama yako amelifua na kulikunja, anauliza akutumie au utalifuata mwenyewe. Kuna barua mbili za benki zimekuja kwa jina lako, sikuzifungua, nimeziweka kwenye droo ya juu.

Mdogo wako akimaliza mtihani wa mwisho anataka kuja kukaa kwako wiki moja. Nimemwambia akuombe mwenyewe. Akija atakumalizia kila kitu kwenye friji, kwa hiyo nunua dengu za kutosha.

Majibu ya HbA1c ukiyapata, nitumie namba yenyewe kama ilivyo kwenye karatasi. Usiniandikie "iko sawa".

Ni mimi baba yako anayekupenda.

N.B. Mama yako ameipata barua hii mezani nilipokwenda kutafuta bahasha, ameisoma yote. Amekasirika kwamba nilimficha. Anasema atakupigia kesho saa moja asubuhi, uwe umeshakula.